Aliyetoka wa Kwanza

Uliza mtu yeyote hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, atakuambia Bienfait Mlondani hana adabu, na hatakuwa amesema uongo. Asubuhi anakupita kama unavyopita nguzo, swali analijibu kwa swali, na ukimpa chai analalamika sukari ni kidogo kabla hajaionja. Namjua kwa sababu mimi, Mama Félicité, nauza chai na mandazi barazani kwa Roger, karibu na soko, na Bienfait ndiye fundi wa mashini za Roger. Anayeingia ananipita mimi, anayetoka ananipita mimi. Kwa hiyo habari za nyumba ile usinisimulie. Kaa, nisikilize.

Ile ni sekretaria, nyumba ya kuchapisha maandishi. Mwanafunzi analeta kazi yake ya kumalizia masomo ikiwa imeandikwa kwa mkono, mchungaji analeta ripoti ya kanisa, mwenye kesi ya shamba analeta barua ya kupandisha Fizi, kule mlimani kwenye ofisi za teritwari, yaani wilaya. Wachapaji wanakaa mstari mmoja na kazi zinatoka. Roger ana mashini moja yenye nguvu, kompyuta kubwa, iko chumba cha nyuma chini ya kufuli. Hiyo tunaiita Mama. Zilizo mbele ya wachapaji ni kuukuu, hazina akili ya kwao: zina kioo na vibonyezo, basi. Ukiandika hapo, kumbe unaandika ndani ya Mama, na unachokiona ni cha Mama kinakuja kwa waya. Hizo tunaziita batoto. Mtoto mmoja akifa, wenzake wanaendelea. Mama akifa, vioo vyote vinakuwa vyeusi, na alichoandika mtu bila kukihifadhi kimekwenda.

Umeme ni wa jua. Roger anazilinda zile betri kuliko anavyoilinda afya yake, na amri yake ni moja, ameibandika ukutani na bado anaipigia kelele: "Ukitoka, zima!" Maana yake unabonyeza neno la kutoka kwenye kioo, na papo hapo unazima swichi ya ukutani. Usipozima utasikia habari yako mpaka jioni.

Sasa Bienfait. Kwao ni Ubwari, vijiji vya ng'ambo ya ghuba ambavyo bila boti huvifiki. Baba yake alikuwa na boti ya mota, na huyu alikua mikono ikinuka petroli. Siku moja, alinisimulia, mota ilizima karibu na ufuko, halafu ikawaka yenyewe bila mtu kuigusa. Baba akasema imepona. Safari iliyofuata ilizima katikati ya ziwa, upepo ukawakuta, na abiria mmoja hakufika. Bienfait alikwenda Bukavu akasoma informatiki, mambo ya kompyuta, akarudi na cheti chake, lakini lile la mota halikumtoka. Hakiamini kitu kilichopona chenyewe. Ukimwambia mtoto alikuwa na homa na sasa amepoa bila dawa, anakukunjia uso kama vile umemtukana.

Na Kezimana. Huyu ni binti wa Kirundi, mkimbizi, anakaa kambini Lusenda na mama yake mzazi na mtoto wake ambaye alikuwa bado ananyonya. Roger alimchukua kwa sababu vidole vyake vinakimbia. Kazi ambayo mwingine anaimaliza jioni, yeye mchana ameshaiweka mezani. Walipatana hivi: anafika kwa gari la asubuhi, anatoka saa tisa ili apate gari la mwisho la kurudi Lusenda. Wengine wanatoka pamoja saa kumi na moja. Barabara ile jua likishazama si ya mtu mwenye akili, hakuna haja ya kueleza.

Maneno yalianza baada ya Bienfait kumwekea Mama programu mpya, ile inayopokea batoto na kuwagawia kazi. Alasiri moja Kezimana aliinuka, akabonyeza, akazima ukutani kama amri ilivyo, akanipita. "Mama Félicité, tutaonana kesho." Hajafika barabarani, nikasikia mayowe ndani. Vioo vyote vyeusi. Mama amekufa.

Siku ile hakuna aliyemshuku mtu. Umeme, walisema. Kesho yake tena, Kezimana anatoka, mayowe. Kesho kutwa tena. Siku mtoto wake alipougua na yeye hakuja, mashini zilifanya kazi mpaka jioni bila hata kukohoa. Aliporudi, saa tisa, mayowe. Watu si vipofu. Walianza kumtazama anapokunja mkoba wake, na wanafunzi wanaongoja kazi zao walianza kushika vichwa kabla hajasimama.

Aliyelitamka neno ni Mama Suzanne, mchapaji wa zamani kuliko wote mle. Na nisimseme vibaya, kwa maana mume wangu alipofariki, Mama Suzanne ndiye aliyenipikia wiki nzima. Ni mama wa maombi, moyo wake mweupe. Lakini mtu mwenye moyo mweupe akiogopa, jihadhari naye.

"Ule binti iko na kisirani," alisema, akiwa amekuja kuchukua chai. "Mi simuchukie. Lakini iko na kintu kinamufuata."

"Kinamufuata toka wapi?"

"Huko alitoka. Sisi tutajua?"

Ala! Mwenyeji wa hapa angezimisha mashini, tungesema betri. Lakini ndiyo hivyo: kunya anye kuku, akinya bata, kaharisha.

Bienfait aliposikia habari ya kisirani alicheka kwa dharau, halafu akafanya kitu cha kijinga. Alitaka kuwaonyesha kuwa ni ile mashini ya Kezimana iliyoharibika, si Kezimana. Akabadilisha waya wake. Saa tisa, mayowe. Akamhamisha, akamkalisha mahali pa Mama Suzanne, na Mama Suzanne akakaa pa Kezimana. Watu wote wakaacha kazi wakawa wanangoja saa. Kezimana akainuka mahali papya, akabonyeza, akazima. Mayowe.

Unaona alichokifanya? Alikuja kumsafisha, akampaka matope. Sasa ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba si waya, si mashini, si kiti. Kilichobaki ni mtu.

"Haiko mashini," Mama Suzanne akasema taratibu. "Umeona na macho yako, fundi."

Bienfait akapiga teke kiti; mtu asiye na adabu ndivyo anavyojibu.

Roger si mtu mbaya, ila ni mtu wa betri. Alimwita Kezimana akamwambia kuanzia leo atatoka mwisho, baada ya wote. Kezimana akasema gari la Lusenda. Roger akasema, "Dada, mi sikufukuze. Lakini batu banapoteza kazi yabo kila siku. Utoke mwisho, ao ubaki kwenu." Basi akawa anatoka mwisho. Gari limeshakwenda. Akapata mahali pa kulala kwa mwanamke mmoja wa Kirundi kule karibu na bandari, na Lusenda akawa anakwenda Jumamosi, anarudi Jumatatu.

Mashini zikatulia. Roger akafurahi, wanafunzi wakafurahi. Mimi ndiye niliyekuwa namwona Kezimana saa kumi anapokuja barazani kwangu na kitambaa amekibana kifuani, kwa sababu maziwa yalikuwa yanamlowesha blauzi. Hakulia. Alikuwa anakamua nyuma ya nyumba, anamwaga chini, anarudi kazini. Jumatatu moja akaniambia mtoto sasa anakataa ziwa lake, analia akimwona, anakimbilia kwa bibi yake.

"Amenisahau, Mama Félicité," alisema.

Nilimwambia pole. Neno gani lingine lipo?

Bienfait siku hizo alikuwa anakaa kwenye benchi langu akinywa chai na kuchukia kila mtu. Roger alimwambia shida imeisha, aachane nayo. Akajibu, "Haiyapona." Roger akasema mashini zinafanya kazi wiki ya ngapi sasa. Akajibu, "Haiyapona. Imejificha." Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kumwambia Roger methali ni kumpigia mbuzi gitaa.

Siku moja akanigeukia ghafla. "We unakaa hapa kila siku. Nani mwingine anatokaka mapema?"

"Mapema namna gani?"

"Anatoka wakati wengine bangali ku kazi. Anazima, anaenda."

Nikafikiri. "Hakuna. Bakienda kula banaacha mashini inawaka. Jioni bote banatoka pamoja, na Roger anakata umeme wa nyumba yote."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe jioni Mama anaweza kufa kila siku, na hakuna mutu wa kumuona."

"Mi nitajua aje?"

"Tulimubadilishia Kezimana kiti," akasema, akijipiga paji la uso, "na hatukumubadilishia saa."

Jumamosi mchana, wengine wakiwa wameshaondoka, alimzuia Kezimana kwa dakika chache na kuniita ndani mimi nikiwa na unga mikononi. Akanikalisha mbele ya kioo, akaniambia nisishike kitu, nitazame tu. Kisha akamwambia Kezimana atoke kama anavyotokaga saa tisa, na akimbie kama vile gari linaondoka. Kezimana alirudi nyuma hatua moja. "Unataka niifanye mbele yako?" Bienfait, adabu hana, akamwambia afanye upesi, hana siku nzima.

Akabonyeza, akazima. Kioo changu kikawa cheusi. Kezimana akafunika uso.

"Usilie. Kaa," Bienfait akasema. "Sasa mi."

Akamwasha Mama, akakaa mahali pengine kabisa. Akabonyeza, na hapo hapo, kwa haraka ile ile, akapiga swichi. Kioo changu, giza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona akicheka kwa furaha. "Basi na mi niko na kisirani!" Akamwasha Mama tena, akaniamuru na mimi nifanye. Nikabonyeza kwa kidole chenye unga, nikazima. Kioo cha Bienfait, giza. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka: wachawi watatu katika nyumba moja!

Kezimana hakucheka. "Waambie," alisema. "Jumatatu uwaambie wote."

"Nitabaambia nikiisha kuitengeneza," Bienfait akajibu.

Hapo ndipo nilipotamani kumzaba kofi. Lakini ndivyo alivyo: hawezi kukuonyesha donda kabla hajalifunga. Kiburi cha fundi. Kezimana akachukua mkoba wake, akaenda kwa mtoto asiyemtaka.

Kuitengeneza kulichukua muda. Programu ile, alinieleza, haiuzwi. Walioiandika wako mbali ng'ambo na wameacha maandishi yake wazi, kila mwenye akili ayasome. Akawa anayasoma, mistari na mistari, akinung'unika. Siku alipoikuta akanieleza kwa vikombe vyangu.

"Muteja akiinuka, we unaondoa kikombe yake. Sawa?"

"Sawa."

"Na Divine naye," huyo ni binti yangu, ananisaidia siku za soko, "Divine naye anaona muteja ameinuka, anakuja kuondoa kile kile kikombe. Haangalie. Anatupa mukono pale kikombe kilikuwa. Kumbe we umeshaweka pale chai ya mutu mwingine. Anaimwanga yote."

"Na kwa ajili ya kikombe kimoja nyumba nzima inafungwa?"

"Njo vile. Ukibonyeza kutoka, kuna mukono mumoja ndani ya Mama unaondoa nafasi yako. Ukizima ukutani mbio, waya inakatika, mukono mwingine unasikia, unakuja nao kuondoa. Mikono mbili, kikombe kimoja."

Alichofanya, alisema, ni kuifundisha ile mikono kuulizana. Wa kwanza kufika anaweka alama kwamba huyu anaondoka. Wa pili akiona alama anarudi zake. Neno dogo hivyo! Akawapelekea wale wa ng'ambo pia dawa yake, na mmoja akamwandikia asante, akauliza imekuwaje wao hawajawahi kuona ugonjwa huo. Bienfait akajibu mstari mmoja tu: "Huku kwetu, tukitoka tunazima." Kule wanabonyeza wanaondoka, mashini inabaki inawaka mpaka kesho. Nani atakayewauliza habari ya betri?

Sasa sikiliza mkosi wa mtu asiyependa kusema. Aliiweka dawa ndani ya Mama asubuhi ya Ijumaa moja, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Na Ijumaa ile ile mchana, Mama Suzanne alikuja na bamama ba maombi wenzake, kwa ruhusa ya Roger, kuiombea nyumba. Walimweka Kezimana katikati. Wakampaka mafuta kwenye paji la uso, wakakipaka na kiti chake, wakaomba kwa sauti mpaka wateja wangu wakasimama dirishani na vikombe mkononi. Kezimana aliinamisha kichwa. Angefanya nini? Mtu anayetaka kurudi kwa mtoto wake anakubali hata kuoshwa kwa majivu.

Roger akasema basi tujaribu. Saa tisa Kezimana akainuka, akabonyeza, akazima. Watu wamejishika. Kimya. Vioo vinawaka. Haleluya ilipigwa mle ndani mpaka mabati yakaitika.

Bienfait akatoka chumba cha nyuma, mdomo wazi. "Ni mi nimetengeneza! Asubuhi!"

Mama Suzanne akamshika bega kwa upendo kabisa. "Mwanangu, Mungu anatumiaka mikono ya batu."

Haya, lijibu hilo. Mimi silijui jibu lake mpaka leo.

Kwa hiyo Kezimana akaanza tena kutoka saa tisa, na mtoto, baada ya siku za kulia, akamkubali. Hapo mwingine angesema yameisha. Nami nilimwambia Bienfait hivyo: acha, binti anafika kwake, unataka nini tena? Lakini nilikuwa naona. Mtu aliyeponywa kisirani ni mtu aliyekuwa na kisirani. Wateja wapya waliuliza ni yupi yule, wakaonyeshwa kwa kidevu, na kazi zao wakampa mwingine. Akahamishiwa kiti cha pembeni. Na Mama Suzanne akamwambia kwa wema wote kwamba akiacha maombi kitarudi, kwa hiyo kila Ijumaa lazima aende kutoa ushuhuda mbele ya watu. Maombi yanaisha jioni, gari limeshakwenda. Ijumaa akalala Baraka, maziwa yakamlowesha tena.

"Haiyapona," Bienfait akasema, na safari hii sikumbishia.

Ijumaa iliyofuata Mama Suzanne aliomba ruhusa ya kutoka saa nane, kulikuwa na wageni wa kanisa wa kuandaliwa chakula. Tangu programu mpya iingie hakuwahi kutoka kabla ya wenzake. Bienfait alisikia. Akaingia chumba cha nyuma, akaitoa dawa yake, akairudisha programu yenye ugonjwa. Akatoka akawaambia wote wahifadhi kazi zao, betri zinamtia mashaka. Uongo mtupu, alinikonyeza mimi alipokuwa anausema.

Saa nane Mama Suzanne akainuka, akafunga kitambaa vizuri, akabonyeza, akazima. Vioo vyote vikawa vyeusi.

Watu walimgeukia Mama Suzanne mmoja mmoja, polepole, macho yale yale waliyokuwa wanamwangalia nayo Kezimana. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anangoja kazi yake akasema, "Kimeruka! Kisirani kimerukia kwa mama!" Na mwingine akavuta kiti chake mbali naye.

Bienfait alikuwa amesimama mlango wa nyuma. Maneno aliyokuwa ameyaandaa hayakutoka. Maskini, alikuwa amelirudia kosa lile lile. Alitaka waione mashini, wakaona mtu. Mama Suzanne alishika meza. Midomo yake ilikuwa inatafuta sala na haiipati, na nilimwonea huruma, nasema kweli, moyo uliniuma.

Kezimana ndiye aliyesimama. Kule pembeni kwake.

"Si yeye," alisema. "Ni mashini."

Yalikuwa maneno manne. Miezi yote ile hakuna mtu mle ndani aliyekuwa amemsemea yeye maneno hayo.

Akaja mpaka kwa Mama Suzanne akasimama karibu naye, bega kwa bega, pale ambapo wengine walikuwa wamepakimbia. "Ndugu Bienfait, washa," akasema. "Patron Roger atoke wa kwanza."

Roger akabisha, akauliza ni nani anayecheza na kazi yake. Lakini wateja walikuwa wanamtazama, na mwanaume hawezi kukataa kubonyeza kitufe. Akakaa, akabonyeza, akapiga swichi kwa kasi ya mtu anayependa betri. Giza. Mwanafunzi yule wa kimeruka akataka kujaribu na yeye. Giza. Hapo Bienfait akapata sauti, akaeleza habari ya mikono miwili na kikombe, akaeleza vibaya, akimtukana kila mtu kwa ujinga wake, na watu wakacheka, na kicheko kikaifungua nyumba. Kisha akaenda nyuma akairudisha dawa. Kezimana akabonyeza, akazima. Vioo vikabaki vinawaka, na safari hii hakuna aliyesema haleluya. Walikuwa wameshainamia kazi zao.

Mama Suzanne hakuomba msamaha. Watu wazima kwetu ni wagumu hapo. Aliuchukua mkoba wa Kezimana kutoka mezani, akautia begani kwake mwenyewe.

"Leo usikuje ku maombi," alisema. "Wende kwa mutoto. Twende nikusindikize."

Mtu unayemwogopa humsindikizi, na mkoba wake huubebi. Kezimana alilijua hilo kama mimi, kwa sababu alisimama mlangoni kidogo kabla ya kufuata, kama aliyezoea kusubiri mayowe.

Niliwafuata mpaka barabarani na mandazi niliyokuwa nimemfungia mtoto. Gari lilikuwa halijafika. Mama Suzanne, mkoba begani, akauliza kwa sauti ya chini kitu ambacho katika maombi yote yale, mikono yote iliyowekwa na mafuta yote, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mutoto yako anaitwa nani?"

"Nduwimana."

"Njo kusema nini?"

"Kwa Kirundi? Mimi ni wa Mungu."

Gari likaja, Mama Suzanne akampandisha, akampa mkoba dirishani, akabaki amesimama akilitazama mpaka likapotea kwenye kona. Ndipo nilipokumbuka kwamba mandazi ya mtoto bado ninayo mkononi. Nikampa Mama Suzanne.